Shangazi, nikiona kamera mwili unakauka. Harusi nitaifanyaje?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27 na harusi yangu inakaribia. Maandalizi yanakwenda vizuri, isipokuwa jambo moja ambalo wenzangu wanalichukulia kama mzaha huku mimi linaninyima usingizi. Siwezi kupigwa picha.

Sisemi sipendi. Siwezi. Nikiwa naongea na watu niko sawa kabisa, nacheka kwa sauti, mikono inakwenda huku na huku. Mtu akiinua kamera tu, shingo inakaza, mabega yanapanda na mikono sijui niiweke wapi. Nina jino la mbele lililopanda juu ya mwenzake, kwa hiyo nikitabasamu nafumba mdomo, na nikifumba mdomo naonekana nimenuna.

Siku tulipotangaza uchumba zilipigwa picha nyingi. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Picha zilipokuja, mama mkwe wangu mtarajiwa alizitazama, kisha akamvuta mwanawe pembeni akamuuliza, "Huyu binti ameridhia kweli?" Mchumba wangu alinisimulia kama jambo la kuchekesha. Nikacheka naye, halafu usiku nikalia.

Tangu hapo nafanya mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo na kujipiga selfi. Naona ndiyo kwanza nazidi kuharibu. Kwenye kioo kuna afadhali, kwenye simu pua imejaa uso mzima. Mchumba wangu hana shida hiyo, kila picha anatoka vizuri, na ushauri wake ni mmoja tu: "Jiachie." Mama yangu naye ana orodha ndefu ya ndugu wanaotaka kupiga picha nasi, kundi baada ya kundi. Mpiga picha aliomba tukutane atupige kidogo kabla ya siku yenyewe, nikakataa, maana sikuona sababu ya kujitesa mara mbili.

Sasa nafikiria kumwambia apige wakati wa kufunga ndoa tu, kisha aende zake. Niliposema hivyo mchumba wangu aliumia. Je, nakosea? Na ipo njia yoyote ya mtu kama mimi kuonekana kwenye picha jinsi nilivyo kweli?

Bibi harusi mwenye wasiwasi

*

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Mpiga picha usimwondoe. Ukishamwondoa, hofu yako itabaki palepale, na kitakachopungua ni picha za saa zile ambazo ungekuwa umeshatulia, umekaa na watu wako, umesahau kama kuna kamera. Hizo ndizo utakazozitafuta baadaye. Kitu cha kubadilisha ni kazi uliyojipa. Umejipa kazi ya kuulinda uso wako kila mara lenzi inapokugeukia, na hakuna binadamu anayeiweza kazi hiyo huku akiolewa. Mwachie mwenye kamera. Wewe kazi yako iwe watu uliosimama nao.

Kwa nini unakauka? Unapoongea na mtu, uso wake unaujibu wako. Ukicheka naye anachangamka, ukisitasita anakutia moyo, na bila kufikiri mwili wako unafuata. Kamera haijibu kitu. Inakukodolea tu, nawe kwa kukosa jibu unageuka kujichunguza mwenyewe: mdomo ukoje, jino limeonekana, mikono iko wapi? Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kama mtu anayeshuka ngazi akianza kuifikiria kila hatua, lazima ajikwae. Huna kasoro yoyote, mwanangu. Wengi sana wako hivyo, na wapiga picha wa harusi wanakutana na watu wa aina yako kila wiki.

Yale mazoezi ya kioo yaache leo. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, alieleza kwamba tabasamu la furaha linahitaji misuli ya sehemu mbili. Ipo inayovuta pembe za midomo, hiyo tunaiamuru tunavyotaka. Ipo nyingine inayozunguka jicho, inayoinua mashavu na kukunja ngozi pembeni mwa macho, na hiyo wengi wetu hatuiamuru kirahisi. Huamshwa na furaha yenyewe. Mbele ya kioo umekuwa ukiufundisha mdomo peke yake. Mama mkwe wako alipozitazama zile picha, aliona mdomo umefanya kazi na macho hayakushiriki, akaingiwa na shaka. Macho yako yalikuwa na hofu ya kamera. Yeye akadhani ni hofu ya ndoa.

Na hilo jambo la mama mkwe ningependa lisiachwe hivihivi. Aliuliza kama umeridhia. Mama anayeuliza hivyo hataki mwanawe aoe mtu aliyelazimishwa, na huo ni wema. Mchumba wako amrudie amweleze kwamba binti anaogopa kamera. Kisha wewe mwenyewe nenda ukakae naye, mpige hadithi, aone uso wako ukiwa hai. Picha moja haiwezi kushindana na mchana mzima mliokaa pamoja.

Sasa pua. Simu unaishika kwa urefu wa mkono, pengine chini ya hapo. Kitu kilicho karibu na lenzi hutoka kikubwa kuliko kilicho nyuma yake, na pua ndiyo iliyotangulia mbele. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa kutoka sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30, ukilinganisha na ile ya kutoka mita moja na nusu. Mpiga picha wa harusi anasimama mbali zaidi ya hapo, mara nyingi na lenzi ya kuvuta kutoka mbali, kama ya milimita 85, au ile ndefu ya 70 hadi 200 inayomwezesha kukupiga akiwa upande wa pili wa chumba. Pua unayoiona kwenye selfi ni pua ya selfi.

Kuhusu kioo, ni kweli unajiona afadhali, na sababu inajulikana. Kioo kinakuonyesha kushoto na kulia vikiwa vimebadilishana, na sura hiyo ndiyo uliyoizoea tangu utoto. Picha inakuonyesha jinsi wengine wanavyokuona, kwa hiyo unahisi kuna kitu kimekaa upande. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 1977: wanawake walioshirikishwa walielekea kuipenda picha yao iliyogeuzwa kama kwenye kioo, na marafiki na wapenzi wao wakaelekea kuipenda ile isiyogeuzwa. Fikiria hapo mchumba wako. Sura unayoiona ngeni kwenye picha ndiyo aliyoichagua. Hata hilo jino, yeye amelizoea likiwa upande ule ule linakoonekana kwenye picha.

Nitalisema hili la jino mara moja tu. Unapocheka kwa sauti na rafiki zako hulifichi, na hakuna aliyekimbia. Unapolificha, midomo inabana, taya linakaza, na uso mzima unalipia gharama ya kulinda kitu kidogo. Cheka nalo. Ukiona picha ambayo hulipendi kabisa lilivyotoka, utaiweka kando, maana wewe ndiye utakayechagua zipi ziingie kwenye albamu.

Yule mpiga picha aliyeomba mkutane kabla, mpigie umwambie umebadili mawazo. Umeliona kama mateso mara mbili, nami naliona kinyume. Karibu kila mtu anakuwa mgumu mwanzoni mwa kupigwa picha, kisha mwili unachoka kuogopa na kuanza kulegea. Ule mwanzo mgumu muumalize siku ambayo haina wageni, haina saa ya kukimbizana nayo, na hakuna picha inayosubiriwa na mtu. Vaeni nguo mlizozoea, mkutane mahali ambapo hata bila kamera mngetembea wawili. Akimaliza, kaeni naye mzitazame. Mwonyeshe mbili tatu ulizozipenda na umwambie ni kwa nini, naye atajua akusimamishe upande gani. Nawe utaizoea sauti yake na jinsi anavyosogea, kiasi kwamba siku ya harusi hatakuwa mgeni mwenye kamera.

Mweleze waziwazi kwamba huwa unaganda ukiambiwa usimame utabasamu. Anayeijua kazi yake hatakuambia "tulia, kuwa wewe." Atakupa jambo la kufanya. Atawaambia mtembee polepole kuja kwake mkiwa mnagongana mabega, au mgusanishe vipaji vya nyuso, mfumbe macho na kupumua pamoja. Atamwambia mwenzako akunong'oneze kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua, au wewe umrekebishe kola yake bila haraka. Hapo mikono imepata kazi na macho yamepata mtu wa kumtazama, na yeye anapiga katikati ya tendo na sekunde chache baada yake. Hizo sekunde za baadaye, mnapoachiana mkicheka kwa sababu mmeambiwa mfanye jambo la kitoto, mara nyingi ndizo zenye picha. Muulize pia kama kamera yake inaweza kupiga kimyakimya. Nyingi za siku hizi zinaweza, na kwa mtu anayeshtuka kila akisikia mlio, ni nafuu kubwa. Akiwa ni mtu wa kukushurutisha, kukugeuza kichwa kama sanamu na kukucheka unaposita, basi mtafute mwingine mapema.

Mchumba wako nina neno naye kupitia kwako. Anapokuambia ujiachie hana nia mbaya. Kwake kujiachia ni rahisi, kwa hiyo haoni kama kuna kazi hapo. Lakini sidhani kama anajua kwamba ulilia usiku ule. Mwambie. Umemwambia hutaki picha, naye pengine amesikia kwamba hutaki kumbukumbu ya siku yenu, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Akishajua kwamba unaogopa lenzi, mpe kazi: kila utakapoona unaanza kukaza, utamshika mkono na kuubana, naye atakuongelesha. Akuulize kitu, akukumbushe jambo lenu, lolote la kukufanya umgeukie. Ukimtazama yeye badala ya kamera, tayari shida yako imepungua nusu, na picha nyingi nzuri za maharusi ni zile ambazo hakuna hata mmoja wao anayeitazama kamera.

Zipo nyakati ambazo lazima usimame na kuitazama, hasa kwenye picha za familia. Hapo mwili unahitaji mambo machache tu. Uzito uegemeze mguu wa nyuma, goti la mbele liwe legelege. Inua mabega hadi masikioni kwa makusudi, kisha yaangushe huku ukitoa pumzi. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, maana ndiyo inayotuliza mapigo ya moyo. Kidevu kisogeze mbele kidogo na kukishusha kidogo. Utajihisi kituko, lakini kwenye picha shingo inatoka vizuri. Viwiko viache nafasi ndogo kati yake na mbavu. Ukiwa umeshika maua, yashushe hadi usawa wa kitovu. Hofu huyapandisha hadi kifuani, na yakipanda hupanda na mabega, kisha unapata ile picha ya mtu anayejikinga.

Tabasamu usilishikilie. Mpiga picha anapohesabu hadi tatu, wengi huanza kutabasamu kwenye moja, na ikifika tatu tabasamu limeshachacha. Angalia chini au fumba macho, fungua kwenye mbili, mtazame mtu mmoja unayempenda aliye nyuma ya kamera, kisha acha uso ufanye unavyotaka. Kama jua liko utosini au linawapiga usoni, omba mhamie kivulini au mligeuzie mgongo. Hakuna mtu anayeonekana ametulia huku amekunja macho. Saa ya mwisho kabla jua halijazama mwanga wake ni laini na unapendeza kila ngozi, kwa hiyo kama ratiba inaruhusu, hata robo saa ya wakati huo iwekeni kwa ajili yenu wawili.

Orodha ya mama. Usimnyang'anye, bali keti naye muihesabu pamoja. Kundi moja huchukua dakika tatu hadi tano, kwa sababu daima kuna mjomba aliyekwenda kupokea simu. Makundi kumi ni kama dakika 40 za kusimama na kutabasamu, na hata anayependa kamera huchoka. Chagueni makundi ambayo kweli mtayatafuta miaka ijayo, wengine watapigwa wakiwa wamekaa na kuongea. Wazee na watoto watangulie, waachiwe wakapumzike. Mpeni kazi ya kuita majina ndugu mwenye sauti, anayewajua watu wote kwa sura, ili wewe na mama msiwe mnazunguka kutafuta watu. Kati ya kundi na kundi, uangushe uso kabisa. Lainisha taya, kunywa maji, ongea na mwenzako. Usibebe tabasamu la kundi la kwanza hadi la tisa.

Waombe pia wasitawanyike baada ya mlio mmoja. Mtu hupepesa macho mara nyingi kwa dakika, na kundi likiwa kubwa lazima mmoja atakutwa amefumba. Watafiti wawili nchini Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walikokotoa hesabu hiyo na kupewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha, mwaka 2006. Kwa kundi lisilofikia watu 20, gawanya idadi yao kwa tatu kama mwanga ni mzuri, au kwa mbili kama ni hafifu, na hizo ndizo picha za kupiga ili upate walau moja ambayo macho yote yamefunguka. Watu 12 kwenye mwanga mzuri ni picha nne. Napenda hesabu hii kwa sababu inaondoa lawama. Ukitoka umefumba, hujaharibu kitu, ndiyo maana wanapiga nyingine.

Kuhusu siku yenyewe, ratiba iwe na nafasi. Kuchelewa kunaonekana usoni haraka kuliko kitu kingine, na hakuna vipodozi vinavyoweza kuficha hilo. Kula kitu asubuhi. Nguo ijaribu ukiwa umeketi na ukiwa umenyanyua mikono, viatu uvitembelee nyumbani kabla. Wakati wa kufunga ndoa waombeni wageni waweke simu chini, maana mtu mwenye hofu ya kamera moja hawezi kutulia mbele ya kamera hamsini, na hutajua uangalie ipi. Baada ya hapo, kabla ya kundi lolote la ndugu, nendeni pembeni ninyi wawili kwa dakika chache. Mpiga picha akae mbali. Hamna la kumfanyia, mmeoana sasa hivi, zungumzeni.

Usiombe kutazama kioo cha kamera yake siku hiyo. Ukiona moja isiyokupendeza utaibeba hadi jioni. Na picha zitakapoletwa, ziangalie mara ya kwanza ukiwa na mumeo, kisha ziweke siku kadhaa kabla ya kuchagua. Mara ya kwanza jicho linatafuta jino na pua. Likirudi mara ya pili linaanza kuona watu.

Kama huna maneno ya kumwandikia mpiga picha, tumia haya: "Habari. Nilikataa kupigwa picha kabla ya harusi, naomba nibadili jibu langu. Nikiambiwa nisimame nitabasamu huwa naganda, hivyo ningependa utupe vitu vya kufanya, na utupige zaidi tukiwa tunaongea. Usinihesabie hadi tatu kama si lazima. Ni siku gani una nafasi?" Mtumie leo, kisha umpigie mchumba wako umweleze kwa nini ulilia.

Shangazi